Nikiajiri mtu mwenye ulemavu, kweli serikali yanirudishia robo ya mshahara?

#1 Sindano_na_Uzi
Salaam jamani. Nina karakana ya kushona sare za shule na za mahoteli hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Mafundi tisa, mimi wa kumi. Wiki iliyopita alikuja kijana wa Likoni kuomba kazi. Miguu haina nguvu, atumia kiti cha magurudumu. Nikampa kitambaa cha sare na kola moja ya shati kama mfano, nikaenda kuswali adhuhuri. Kurudi nimekuta kola tatu, mshono umenyooka kama uliopigwa rula. Kwa hivyo ufundi wake hauna swali.

Swali langu ni pesa. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi aniambia nikimwajiri huyu, serikali itanirudishia robo ya mshahara wake kila mwezi, na nikijenga rampu watalipa nusu. Nilifurahi sana, ila jirani mwenyewe ndiye aliyenishauri kununua kiwanja Kwale ambacho mpaka leo kina wenyewe watatu.

Nani ashawahi kuzipata pesa hizi? Fomu yapelekwa wapi?

#2 Kahawa_Tungu
Nimeketi na kashata yangu. Endeleeni.

#3 Daftari_la_Makupa
Safari hii jirani amekaribia ukweli, usimvunjie heshima.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, kifungu cha 16, ilimpa mwajiri wa kibinafsi haki ya kuomba kupunguziwa *mapato yanayotozwa kodi* kwa kiasi cha asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu. Akirekebisha jengo au vifaa kwa ajili yake, anaomba tena asilimia 50 ya gharama hiyo. Yanayopungua ni mapato, si kodi yenyewe, na hakuna hundi inayokuja mlangoni.

Shika kalamu. Mshahara wa 20,000 kwa mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Robo yake ni 60,000. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, basi unachookoa ni asilimia 30 ya hiyo 60,000, yaani 18,000 kwa mwaka, ambayo ni 1,500 kwa mwezi. Jirani alikuahidi 5,000.

Rampu nayo: ukitumia 80,000, nusu ni 40,000, kodi unayookoa ni 12,000. Na hapo ni lazima ulipe kwanza ndipo uombe.

#4 Sindano_na_Uzi
1,500? Hiyo hata uzi wa ovaloki wa mwezi hainunui!

#5 Bi_Kifungu
Daftari, hesabu yako sina neno nayo ila sheria unayoisoma ishafutwa. Iko Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, Rais Ruto aliitia saini Mei mwaka huo. Vivutio vya kodi kwa mwajiri vimo bado. Kubwa lililoongezeka ni kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, wa serikali au wa kibinafsi, sharti atenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Ile ya 2003 ilisema tu Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu "lijitahidi" kupata hiyo asilimia 5. Kujitahidi, mwajua wenyewe. Mtoto wangu pia hujitahidi kuamka saa kumi na moja.

Sindano, wewe uko na tisa, sheria haikulazimishi.

#6 Daftari_la_Makupa
Shukran Bi Kifungu, nimesahihishwa. Sindano, swali moja kabla hujaenda mbali: wewe walipa kodi gani kwa KRA, mamlaka ya kodi, ya faida au ile ya mauzo?

#7 Sindano_na_Uzi
Ile ya asilimia tatu ya mauzo.

#8 Daftari_la_Makupa
Basi pole, hata hiyo 1,500 imekwenda na maji.

Kodi ya mauzo ni ya biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka, na hukatwa juu ya mauzo yote kabla ya kutoa gharama yoyote. Hutoi kodi ya nyumba, hutoi stima, hutoi mishahara. Sasa hiyo robo utaipunguza wapi? Hakuna mstari wake kwenye fomu. Waweza kumwandikia kamishna kwamba wataka kutoka huko uingie kodi ya kawaida, lakini hapo uweke vitabu vya hesabu sawasawa, na mimi nitakutoza zaidi ya 18,000 kuviandika. Nasema ukweli mbele ya Mungu.

#9 Kahawa_Tungu
5,000, halafu 1,500, sasa sufuri. Sindano, funga uzi huu haraka kabla hujadaiwa.

#10 Mstaafu_wa_Shanzu
Nilikuwa afisa wa wafanyakazi katika hoteli moja kubwa ya pwani ya kaskazini kwa miaka mingi. Sisi tulilipa kodi ya kampuni, mhasibu tulikuwa naye, wakili pia. Kivutio hicho hatukukiomba hata mara moja. Nawaambia kwa nini.

Ili uombe, mfanyakazi awe amesajiliwa na Baraza, ana kadi. Kadi haiji bila kupimwa na madaktari hospitali ya serikali. Sasa tulikuwa na mzee mmoja wa dobi, jicho moja halioni kabisa. Nikamwambia, "Mzee, kajisajili, kuna faida kwako na kwetu." Akanitazama na lile jicho zima, akasema, "Bwana, miaka kumi na minne hakuna aliyejua hapa. Wataka wajue leo, mwezi ambao mwapunguza watu?" Nikakosa jibu. Na kweli mwezi ule tulikuwa twapunguza watu.

Kwa hivyo kwangu mimi tatizo si kiwango cha pesa. Pesa hizo zataka mtu ajitangaze, na kujitangaza kwa wengi ni kujichongea.

#11 Chuma_cha_Jomvu
Mstaafu, mzee wako wa dobi namuelewa, lakini msiwatetee matajiri. Mimi nimefanya kazi viwandani toka Changamwe mpaka Mikindani. Hawaajiri kwa sababu hawataki tu. Ukimuuliza atakwambia "bima", "usalama", "mashine ni hatari". Mashine hiyo hiyo ilishakata vidole vya wangapi waliokuja wazima? Na wakishakatika vidole je, wabaki kazini wakahesabiwe kwenye hiyo asilimia 5? Hufukuzwa!

#12 Bi_Kifungu
Aliyeumia kazini ana sheria yake ya fidia ya 2007. Lakini swali lako la mwisho ni zuri kuliko ulivyokusudia.

#13 Mkono_Wasema
Mimi ni kiziwi. Nimesoma Ziwani, shule ya viziwi. Nafanya kazi kiwanda cha uchapaji mwaka wa sita sasa. Mwazungumza sana humu, ndiyo maana kazi zenu haziishi 😄

Siku ya usaili bosi aliandika kwenye karatasi: "Mashine ikiharibika utasikiaje?" Sikumjibu kwa kalamu. Nikaenda nikaweka kiganja juu ya mashine iliyokuwa ikifanya kazi, nikasimama hapo dakika nzima, kisha nikamwonyesha upande wa kulia, chini. Akacheka. Siku ya tatu beringi ya upande ule ikafa. Wenye masikio walikuwa hawajasikia kitu.

Tajiri wangu hajaomba pesa popote. Alichonunua ni taa moja nyekundu iliyounganishwa na kengele, ikilia nayo yawaka, nijue chai imefika. Yule fundi wa stima ni shemeji yake, sijui alimlipa nini.

Na Chuma, umesema "waliokuja wazima". Sisi wengine tulikuja nusu?

#14 Chuma_cha_Jomvu
Nisamehe ndugu yangu. Ulimi. Nafuta.

#15 Mkono_Wasema
Usifute, wacha ibaki watu waone. Nimesamehe.

#16 Bint_Mtongwe
Nawasoma nikiwa Ujerumani. Huku pia ni wafanyakazi 20 na asilimia 5, Bi Kifungu umenishtua maana ni namba zile zile. Tofauti ni kwamba mwajiri asiyetimiza hutozwa pesa kila mwezi kwa kila nafasi aliyoiacha wazi. Pesa hizo haziendi kujenga barabara. Zakusanywa mahali pamoja, kisha hutumika kuwasaidia waajiri waliokubali: meza inayopanda na kushuka, mashine iliyorekebishwa, hata sehemu ya mshahara. Yaani yule anayekataa ndiye anayemjengea rampu yule anayekubali.

Msidhani watu huku ni malaika. Wako wengi wanaolipa tu na kuendelea na maisha yao.

#17 Mswahili_wa_Leeds
Uingereza kuna mpango waitwa Access to Work, ulianza 1994. Mwombaji ni mfanyakazi mwenyewe, si tajiri. Binamu yangu haoni vizuri, amelipiwa programu ya kompyuta inayomsomea, na teksi ya kwenda kazini maana basi halimfai. Kwa hivyo akihama kazi, haki yake yahama naye. Malalamiko huku ni foleni, watu wangojea miezi.

#18 Kahawa_Tungu
Teksi ya serikali kwenda kazini! Nipeni namba ya huyo binamu.

#19 Chuma_cha_Jomvu
Hiyo ya Ujerumani ije hapa? Pesa zikusanywe mahali pamoja? Bint Mtongwe, umekaa ughaibuni muda mrefu, umesahau mahali pamoja hapa huwa wapi.

#20 Bi_Kifungu
Chombo kiko tayari: Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini hautoi pesa kwa tajiri wa kibinafsi kama Sindano. Unatoa vifaa vya kusaidia mwili, karo, misaada kwa vikundi na kwa taasisi. Kwa hiyo yule kijana akiwa amesajiliwa, yeye mwenyewe anaweza kuomba kiti kipya kupitia Baraza. Sindano hawezi kuomba rampu.

#21 Tenda_Tamu
Wakuu, mbona mwajisumbua? Mfanye huyo kijana mshirika badala ya mfanyakazi. Andikisheni kampuni kwa jina lake mwingie AGPO, ule mpango wa tenda za makundi maalum, asilimia 30 ya tenda za serikali ni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sare za hospitali na za shule zote hizo!

#22 Bi_Kifungu
Kwa jina lake na pesa kwa mfuko wa nani?

#23 Tenda_Tamu
Mwagawana.

#24 Mkono_Wasema
Nimeshawahi "kugawana". Jina langu lilipata tenda, mimi nikapata fulana.

#25 Gari_Bandarini
Kuna anayejua kama mtu akiwa na kadi ya ulemavu anaingiza gari bila ushuru? Niko na shangazi.

#26 Daftari_la_Makupa
Gari liwe limerekebishwa kwa ajili ya shangazi, na litumiwe na shangazi. Si Probox ya kubeba mirungi. Fungua uzi wako.

#27 Mzee_Kobe
Wanangu, asalaam aleikum. Mwataja Ujerumani na Uingereza na mumeruka pua zenu. Karakana za Bombolulu zilianza 1969, chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, chenyewe cha 1958. Watu wenye ulemavu wa viungo wakitengeneza mapambo ya shaba, ngozi, vinyago, nguo, mabasi ya watalii yakisimama nje. Ajira ilikuwapo hapa hapa Mombasa kabla wengi wenu hamjazaliwa, wala hakuna aliyengoja robo ya mshahara.

#28 Mstaafu_wa_Shanzu
Mzee Kobe, shikamoo. Bombolulu naiheshimu, lakini ile ni njia nyingine: kazi imefuatwa mpaka pale watu walipo. Sheria hizi zataka watu waingie pale kazi ilipo. Na kazi inayotegemea mabasi ya watalii, mwaka watalii hawaji, wote mwakaa pamoja bila oda.

#29 Mzee_Kobe
Marahaba. Na wewe hotelini, watalii wasipokuja, mwala nini?

#30 Mstaafu_wa_Shanzu
Nimenyamaza.

#31 Mzee_Kobe
Sasa Sindano, wacha nikupe faida, maana naona watu wahesabu kodi na hakuna aliyeuliza cherehani ataiendeshaje. Hiyo miguu haikanyagi pedali. Wewe ulimpa cherehani gani siku ile?

#32 Sindano_na_Uzi
Mzee, umenishika. Nilimpa ile ndogo ya mkono ya marehemu mamangu, iko sebuleni mwa karakana kama pambo. Zangu zote ni za umeme, za kiwandani.

#33 Mzee_Kobe
Kola tatu kwa cherehani ya mkono wakati wa swala ya adhuhuri! Muajiri leo.

Sikiliza. Cherehani ya kiwandani, chini ya meza pedali imeshikana na chuma chembamba kinachopanda mpaka kwenye mota. Ukikanyaga, kile chuma chavuta kiwiko kidogo kilicho kwenye mota, mashine yaenda. Mota haijui kama ni mguu au mkono uliovuta. Mahali nilipofanya kazi, fundi alikifungua kile chuma, akaunga kipande kingine kikatokea juu ya meza upande wa kulia, akakipinda na kukivika mpira wa baiskeli. Mshonaji asukuma kwa kisigino cha mkono au kiwiko, vidole vyabaki kwenye kitambaa. Kama mota zako ni zile mpya zisizovuma, ndiyo rahisi zaidi, maana hazitaki nguvu. Ya kunyanyua mguu wa cherehani hufungwa kamba ya pembeni. Gharama ilikuwa kipande cha nondo, mpira wa zamani, na mchana mmoja wa fundi.

Wiki mbili za kwanza atashona ovyo. Usimuhukumu kwa hizo.

#34 Sindano_na_Uzi
Mzee Kobe, Mungu akuweke. Hili peke yake limenilipa kufungua uzi.

#35 Mama_wa_Feri
Naomba niulize kitu ambacho wanaume wote humu hamkuuliza. Kijana atoka Likoni. Atafikaje Mwembe Tayari saa mbili asubuhi kila siku?

Mwanangu wa kike atumia kiti. Feri kwa mwenye miguu ni bure, sawa. Lakini maji yakitoka ule mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, wataka mtu wa kukushika nyuma usiteremke na umati. Ukivuka, matatu hazitaki. Makanga akiona kiti aangalia pembeni, au akwambia kiti kilipiwe kama mzigo. Basi ni tuktuk, kwenda na kurudi, pande zote mbili za kivuko. Mwanangu alipata kazi ya kupokea simu mjini, mshahara kama huo wa 20,000. Tulipopiga hesabu ya tuktuk, theluthi ilikuwa imeliwa njiani. Aliacha baada ya miezi minne. Bosi wake alikuwa mtu mwema kabisa, alimlilia.

Hiyo asilimia 25 ingekuwa nauli, ningewaelewa.

#36 Mswahili_wa_Leeds
Mama, hapo ndipo ile teksi ya binamu yangu ilipo. Kahawa alicheka.

#37 Kahawa_Tungu
Nimekoma.

#38 Daftari_la_Makupa
Niongeze la msamaha wa kodi wa mfanyakazi mwenyewe, maana wengi huutaja. Mwenye cheti cha KRA hasamehewi yote: ni 150,000 za kwanza kwa mwezi. Ni msamaha mkubwa kwa meneja wa benki. Kwa binti wa Mama wa Feri na kijana wa Likoni haubadilishi kitu, kwa sababu mshahara usiozidi 24,000 haukatwi PAYE, kodi ya mshahara, kwa mtu yeyote. SHIF, ile bima ya afya, ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 atakatwa kama wengine.

#39 Mstaafu_wa_Shanzu
Kwa hivyo msamaha wamfaa aliyekwisha fika.

#40 Chuma_cha_Jomvu
Na punguzo lamfaa tajiri mkubwa ambaye hataki. Nilisema.

#41 Bi_Kifungu
Hukusema hivyo, ulisema hawataki tu. Tofauti. Mkubwa akilazimishwa na ile asilimia 5 atataka, mngoje kesi ya kwanza.

#42 Zege_Safi
Mimi ni fundi ujenzi. Sindano, kabla hujajenga rampu pima kwanza. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uende sentimita 12. Ukifupisha, kijana atapanda nao akisukumwa, na atateremka nao akiomba dua.

#43 Sindano_na_Uzi
Nimetoka kupima sasa hivi kwa futi ya kushonea, watu wanicheka barabarani. Ngazi tatu, jumla sentimita 51.

#44 Zege_Safi
51 mara 12 ni 612. Wataka mita sita na kidogo.

#45 Sindano_na_Uzi
Njia ya miguu mbele ya mlango wangu haifiki hata mita tatu. Rampu itaishia katikati ya tuktuk.

#46 Kahawa_Tungu
Angalau atakuwa ashapata usafiri.

#47 Sindano_na_Uzi
😂 Wewe ulisema umekoma.

Nimezunguka nyuma. Kuna mlango wa kichochoroni ambao hatuutumii, na huko hatua ni moja tu, sentimita 14.

#48 Zege_Safi
Mita moja na sentimita 68. Hiyo namaliza asubuhi moja, mifuko miwili ya saruji.

#49 Daftari_la_Makupa
Zege, una risiti ya eTIMS, ile ya mtandao ya KRA? Tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti hiyo haipunguzwi kwenye kodi. Sindano siku moja anaweza kuhama kutoka kodi ya mauzo.

#50 Zege_Safi
Nina daftari la karbon na kalamu.

#51 Sindano_na_Uzi
Wajameni, kijana amekubali kuja Jumatatu. Asema kuna mjomba wake ana tuktuk upande wa huku, wataelewana kwa mwezi wa kwanza, baada ya hapo hajui. Mimi pia sijui, Mama wa Feri. Fundi wa kuchomelea nimempata, ameelewa habari ya nondo ila asisitiza mpira uwe wa pikipiki.

Limebaki moja. Mlango wa kichochoroni una mama wa mahamri, jiko lake liko pale pale rampu itakapoanzia, yuko hapo tangu kabla sijapanga. Nimemweleza habari yote, na sheria ya 2025 nikamtajia. Amenisikiliza mpaka mwisho, akageuza mahamri yake, akaniuliza, "Na mimi wa kunisongeza jiko, serikali yanipa robo ngapi?"